Usugu wa dawa: Jinsi maabara zinavyofuatilia viini visivyosikia tiba

MKAZI wa Kabati, mji wa soko ulioko Kitui Magharibi katika barabara inayotoka Machakos kwenda Kitui, anapopatwa na homa isiyopoa huwa na njia mbili. Anaweza kwenda katika kituo cha afya akapimwa, au akaingia duka la dawa na kununua vidonge kwa kadiri mfuko wake unavyoruhusu.

Katika njia zote mbili, kuna swali moja ambalo mara nyingi halijibiwi: je, viini vinavyomsumbua bado vinaweza kuuawa na dawa aliyopewa?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama mgonjwa wala kwa kumpima joto. Hujibiwa na maabara yenye uwezo wa kukuza viini vyenyewe na kuvijaribu kwa dawa moja baada ya nyingine. Pale ambapo maabara ya aina hiyo haipo karibu, tabibu hutibu kwa kukisia, na taifa nalo hukosa kujua ni dawa zipi zinazoelekea kupoteza nguvu.

Maana ya usugu

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuzuia wasizaane. Hazina nguvu dhidi ya virusi, kama vile vile vinavyosababisha mafua, wala dhidi ya vimelea vya malaria isipokuwa chache zinazotumiwa kwa masharti maalumu.

Usugu ni hali ambayo bakteria huendelea kuishi na kuzaana ingawa dawa iliyokuwa ikiwaua imetumiwa. Wanaokuwa sugu ni bakteria, wala si mwili wa mgonjwa kama watu wengi wanavyodhani. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye hajawahi kumeza antibiotiki maishani mwake anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu.

Bakteria huzaana kwa kasi kubwa. Aina ya E. coli, inayoishi katika utumbo wa binadamu na wanyama, inaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 katika mazingira yanayoifaa. Katika kizazi hicho kikubwa, wachache huzaliwa na mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kuhimili dawa. Dawa inapoua wenzao, hao wachache hubaki na uwanja mpana wa kuzaana.

Baya zaidi ni kwamba bakteria wa aina moja wanaweza kuwapa bakteria wa aina nyingine vinasaba vya usugu. Hivyo, usugu uliotokea katika bakteria asiye na madhara unaweza kuhamia kwa yule anayeleta ugonjwa.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia kipimo kidogo cha dawa kisichotosha kuua viini huvifundisha kuihimili.

Ukubwa wa janga

Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walifariki duniani kwa sababu ya moja kwa moja ya maambukizi ya bakteria sugu. Vifo vilivyohusishwa na maambukizi hayo kwa njia moja au nyingine vilikadiriwa kuwa milioni 4.95. Kiwango cha juu zaidi cha vifo kwa kulinganisha na idadi ya watu kilikuwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara.

Mwezi Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba mwaka 2023 maambukizi ya bakteria yaliyothibitishwa katika maabara yalikuwa na usugu kwa kiwango cha moja kati ya sita duniani. Barani Afrika kiwango hicho kilikuwa moja kati ya tano.

Ripoti hiyo ilitaja pia kwamba barani Afrika zaidi ya asilimia 70 ya bakteria wa E. coli na Klebsiella pneumoniae waliopimwa walikuwa sugu kwa kundi la dawa ambamo seftriaksoni imo. Sindano hiyo ni miongoni mwa zile zinazotegemewa sana hospitalini mgonjwa anapokuwa na maambukizi makali ya damu.

Homa ya matumbo: Funzo la Kenya

Hakuna ugonjwa unaoonyesha umuhimu wa kupima usugu kwa uwazi zaidi kuliko homa ya matumbo. Ugonjwa huu husababishwa na bakteria anayeitwa Salmonella Typhi, naye huenea kupitia maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Katika maeneo makavu kama Kitui na Makueni, ambako wakati wa kiangazi familia nyingi huchota maji katika visima vifupi vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mito iliyokauka, kulinda usafi wa maji ni kazi ya kila siku.

Kwa miaka mingi homa ya matumbo ilitibiwa kwa kloramfenikoli, ampisilini na kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini Kenya, KEMRI, walianza kukuta bakteria wasiosikia dawa hizo zote tatu.

Mwaka 2010, timu iliyoongozwa na Profesa Samuel Kariuki wa KEMRI ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba homa ya matumbo nchini ilikuwa ikitawaliwa na ukoo mmoja wa bakteria sugu, uitwao H58, ambao pia ulikuwa umeenea Kusini Mashariki mwa Asia. Uchunguzi wa baadaye wa vinasaba vya bakteria waliopatikana katika mtaa wa Kibera, Nairobi, ulionyesha kwamba ukoo huo uliingia nchini zaidi ya mara moja, na kwamba usugu kwa siprofloksasini, dawa iliyochukua nafasi ya zile za zamani, ulikuwa ukiongezeka.

Nchini Pakistan mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 2016 katika mji wa Hyderabad, mkoani Sindh, kulizuka homa ya matumbo isiyosikia dawa tatu za zamani, wala siprofloksasini, wala seftriaksoni. Kwa dawa za kumeza, matabibu walibaki na azithromaisini.

Habari zote hizo zilijulikana kwa sababu kulikuwa na maabara zilizokuza bakteria, zikawahifadhi na kuwalinganisha mwaka baada ya mwaka.

Kipimo cha Widal na mipaka yake

Katika vituo vingi vya afya na maabara ndogo za mijini, mgonjwa wa homa hupimwa kwa njia ya Widal, iliyobuniwa na tabibu Mfaransa Georges-Fernand Widal mwaka 1896. Kipimo hicho ni rahisi na hutoa jibu kwa muda mfupi.

Hata hivyo, Widal haimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana na viini. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyeambukizwa viini vingine vinavyofanana, anaweza kuonekana ana homa ya matumbo ilhali hana.

Matokeo ni kwamba watu wengi hupewa antibiotiki wasizozihitaji, huku chanzo halisi cha homa kikiachwa bila kutibiwa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa bakteria hakukuzwa, kipimo hicho hakiwezi kamwe kueleza ni dawa gani itakayomuua.

Jinsi usugu unavyopimwa

Kipimo cha kuaminika huanza na kukuza viini. Ikiwa inashukiwa kwamba bakteria wako katika damu, damu hutolewa kwa uangalifu kabla mgonjwa hajaanza dawa, ikatiwa katika chupa yenye lishe ya bakteria. Chupa huwekwa katika joto linalokaribia lile la mwili na huangaliwa kwa muda wa hadi siku tano.

Bakteria wakiota, mtaalamu wa maabara huwapaka rangi na kuwatazama kwa hadubini. Mbinu inayotumika sana ni ile iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884, inayowagawa bakteria katika makundi mawili makubwa. Baadaye vipimo vingine huonyesha jina la bakteria huyo.

Hatua inayofuata ndiyo ya kupima usugu. Njia inayotumiwa na maabara nyingi ni ya vidonge vya karatasi, iliyowekwa katika utaratibu maalumu na William Kirby, Alfred Bauer na wenzao mwaka 1966.

Bakteria huchanganywa katika maji ya chumvi hadi kufikia ukungu wa kiwango kilichowekwa, kisha husambazwa juu ya sahani yenye lishe iliyoganda mfano wa rojo la ukwaju lililopoa. Vipande vidogo vya karatasi vya umbo la duara, kila kimoja kikiwa na dawa tofauti, huwekwa juu yake. Sahani huachwa katika joto la nyuzi 35 kwa muda wa saa 16 hadi 18.

Asubuhi, sahani huwa imefunikwa na utando wa bakteria. Penye dawa yenye nguvu, kuizunguka karatasi hubaki duara safi lisilo na bakteria. Penye dawa isiyofaa, bakteria huota hadi ukingoni mwa karatasi.

Mtaalamu hupima upana wa duara kwa rula, kwa milimita, na kulinganisha na majedwali ya kimataifa. Duara tupu halitoshi kutangaza ushindi, kwa kuwa kila dawa na kila bakteria wana kipimo chao. Upana ambao kwa dawa moja ni dalili ya tiba njema unaweza, kwa dawa nyingine, kuwa dalili ya usugu.

Ili kuhakikisha kwamba karatasi hazijaharibiwa na joto au unyevu, maabara hujaribu pia bakteria wa kulinganishia ambao majibu yao yanajulikana. Majibu hayo yakipotoka, matokeo ya wagonjwa hayatolewi hadi kosa lipatikane. Mahali ambapo umeme hukatika na friji kupoteza baridi, hatua hiyo si ya hiari.

Tangu damu kutolewa hadi jibu kamili kutoka, siku mbili hadi tano hupita. Kwa hiyo tabibu huanza tiba mapema kwa dawa inayoelekea kufaa, kisha huibadilisha au kuipunguza jibu likifika.

Kuna magonjwa ambayo majibu yake hupatikana upesi. Kwa kifua kikuu, mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwezi Desemba 2010, hutambua bakteria na usugu wake kwa dawa ya rifampisini kwa muda usiozidi saa mbili. Mashine hiyo hutafuta vinasaba bila kungoja bakteria waote. Kwa maambukizi mengi ya kawaida ya bakteria, hata hivyo, sahani na rula bado ndizo tegemeo.

Kilichoonekana Kilifi

Faida ya kupima damu kwa utaratibu ilionekana wazi katika hospitali ya Kilifi, ambako KEMRI hushirikiana na shirika la Wellcome Trust. Kati ya mwaka 1998 na 2002, damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa ilipimwa kwa kukuza viini, bila kujali kama walishukiwa kuwa na bakteria.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba watoto 1,094 walikuwa na bakteria katika damu, na 308 kati yao walifariki. Kwa jumla, asilimia 26 ya vifo vya watoto hospitalini humo viliwahusu watoto waliokuwa na maambukizi hayo. Mengi ya mambo hayo yasingejulikana kama watoto hao wangepimwa malaria peke yake.

Kutoka sahani moja hadi takwimu za taifa

Jibu la mgonjwa mmoja humsaidia mgonjwa huyo. Majibu ya wagonjwa wengi yakikusanywa huwasaidia hata wale wasiopimwa.

Hospitali yenye maabara hutengeneza, angalau mara moja kwa mwaka, jedwali linaloonyesha kila aina ya bakteria na asilimia ya waliouawa na kila dawa. Kanuni ya kawaida ni kwamba mgonjwa mmoja huhesabiwa mara moja tu kwa kila aina ya bakteria, na kwamba asilimia haitegemewi iwapo waliopimwa ni pungufu ya 30. Tabibu wa zahanati isiyo na maabara anaweza kutumia jedwali la hospitali jirani kuchagua dawa.

Maabara nyingi hutunza majibu hayo kwa programu ya kompyuta iitwayo WHONET, ambayo hutolewa bila malipo. Takwimu za nchi hupelekwa katika mfumo wa ufuatiliaji wa dunia wa WHO unaojulikana kama GLASS, ulioanzishwa mwaka 2015.

Takwimu hizo zina mtego wake. Ikiwa damu na mkojo hupimwa tu baada ya mgonjwa kutumia dawa mbili au tatu bila nafuu, wanaofika maabara huwa ni wale wenye bakteria wakaidi zaidi. Asilimia ya usugu huonekana kubwa kuliko ilivyo katika jamii, na matabibu wanaweza kukimbilia dawa kali zisizohitajika. Njia ya kuuepuka mtego huo ni kupima wagonjwa mapema na kupima wengi.

Pengo la maabara

Hapo ndipo penye udhaifu mkubwa. Utafiti uliofanywa katika nchi 14 za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, na ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2022, ulibaini kwamba katika maabara zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikipima bakteria.

Maana yake kwa mji kama Kabati ni kwamba sampuli ndiyo inayopaswa kusafiri. Safari hiyo ina masharti. Chupa ya damu haipaswi kuwekwa katika friji wala barafu. Mkojo, kinyume chake, unapaswa kufika maabara kwa muda wa saa mbili, au uhifadhiwe katika baridi kwa muda usiozidi saa 24. Kinyesi hutiwa katika chombo chenye dawa maalumu ya kuhifadhi viini.

Mkojo uliokaa katika jua kwenye pikipiki kwa nusu siku hutoa jibu la kupotosha, kwa kuwa bakteria wachache wa kawaida huwa wamezaana wakawa wengi. Jibu nalo lina safari yake ya kurudi, na likichelewa wiki mbili huwa halina faida kwa mgonjwa.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, hospitali na vituo vya afya, isipokuwa hospitali za kitaifa za rufaa, viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo kupanga usafiri wa sampuli, kuajiri wataalamu wa maabara na kununua vifaa ni maamuzi ya bajeti yanayofanywa Kitui na Wote.

Uzito wa maamuzi hayo umeongezeka. Mwaka 2015 Uingereza ilianzisha Mfuko wa Fleming, ambao ulizisaidia nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, kuimarisha maabara za kupima usugu. Mwezi Julai 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba ingesitisha ufadhili huo.

Mifugo nayo yahusika

Katika ukanda wa Ukambani, mbuzi, kuku na punda ni sehemu ya maisha ya nyumbani. Dawa za mifugo zinazouzwa madukani mara nyingi ni za makundi yale yale yanayotibu binadamu, mfano tetrasaiklini.

Uchunguzi uliofanywa katika kaya 99 jijini Nairobi, na kuchapishwa mwaka 2022, uliwapima E. coli kutoka kwa watu, mifugo na wanyama pori wanaoishi karibu na makazi. Vinasaba vilionyesha kwamba watu na mifugo wa kaya moja huambukizana bakteria. Kwa sababu hiyo, wataalamu hutaka takwimu za hospitali zisomwe pamoja na za machinjioni na mashambani.

Mfugaji hushauriwa kumwita daktari wa mifugo, na kutouza maziwa, mayai au nyama kabla ya kwisha kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Hatua zilizochukuliwa

Kenya ilitoa sera ya kitaifa ya kukabili usugu wa dawa mwaka 2017 pamoja na mpango wa utekelezaji wa miaka mitano, unaoziunganisha sekta za afya, kilimo, mifugo na mazingira. Mpango wa pili ni wa mwaka 2023 hadi 2027.

Mwezi Septemba 2024, viongozi waliokutana katika Umoja wa Mataifa, New York, waliahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030.

Mwezi Julai 2025, Kenya ilianza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka 14. Mtoto aliyechanjwa ana uwezekano mdogo wa kuugua, na asiyeugua hahitaji antibiotiki. Maji safi na vyoo vina faida iyo hiyo.

Mambo ya kuzingatia

Sheria ya Kenya inataka antibiotiki ziuzwe kwa idhini ya tabibu. Wataalamu huwashauri wananchi mambo yafuatayo:

– Usinunue vidonge vichache kwa kubahatisha, wala usitumie dawa iliyobaki ya mtu mwingine.

– Ukiambiwa una homa ya matumbo, uliza kama damu inaweza kupelekwa mahali pa kukuza viini.

– Sampuli itolewe kabla ya kumeza dozi ya kwanza. Hata hivyo, mgonjwa mahututi asicheleweshwe kupata tiba.

– Mweleze tabibu dawa zote ulizokwisha kutumia, zikiwemo zile za dukani.

– Fuata muda wa dawa ulioelekezwa, na urudi kituoni ukiona huna nafuu.

– Chemsha maji ya kunywa au yatie dawa, na unawe mikono kwa sabuni utokapo chooni.

Dawa mpya za kuua bakteria huchukua miaka mingi kutengenezwa na ni chache zinazofika sokoni. Zilizopo zitadumu kwa kadiri zinavyotumiwa kwa ujuzi, na ujuzi huo huanzia katika sahani ya maabara, kwenye duara linalopimwa kwa milimita. Kila sampuli inayofika salama kutoka miji kama Kabati humpa mgonjwa tiba inayomfaa, na humwonyesha tabibu wa mgonjwa atakayefuata dawa ipi bado ina nguvu.